Mama Émérance Feza, Mkunga Aliyengoja Jibu la Mkono Wake

Ndugu, majirani na ninyi nyote mliolala nasi hapa msibani, familia imenituma mimi Jean-Baptiste, mdogo wake, niwaeleze maisha ya dada yetu Émérance Feza, aliyezaliwa Wamaza, Kabambare, tarehe 12 Juni 1969, akasoma shule ya msingi hukohuko na sekondari hapa Kasongo, akahitimu ukunga mwaka 1991, na tangu hapo mikono yake ikapokea watoto wengi, wakiwemo baadhi yenu mnaonitazama sasa, na siku ile mlipiga kelele kwelikweli.

Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na Célestin, wakajaliwa Laura, Clovis na Sonia.

Septemba 2023 kiganja chake cha kulia kiliota kivimbe chekundu, kidogo kama punje ya hindi, kikiguswa tu kinavuja damu, na maneno yakaanza, huyu akisema ni ndui ya nyani, yule kansa, wengine eti amelogwa, naye akaacha kuzalisha, akatenga hata sahani yake. Daktari alikibana kwa kioo, wekundu ukafifia, alipoachia ukarudi, akasema anadhani ni mishipa ya damu, ila ya aina asiyoizoea, lazima kipande kipimwe Kinshasa. Kilikatwa tarehe 15 Aprili 2024, na wasemao ngoja ngoja huumiza matumbo hawakumwona dada yetu, yeye ilimuumiza hadi moyo, kila pikipiki ikisimama uani alikuwa anashtuka akidhani imeleta jibu.

Laura alijifungua tarehe 2 Mei, na bibi, mkunga mzima, akawa anasimama mlangoni kumtazama mjukuu wake, akisema, "Munionyeshe tu mutoto, musimuweke kwangu mupaka jibu ifike." Tulimwacha hivyo, maana nasi tuliogopa. Usingizi ulimkimbia, presha ikapanda, na Ijumaa tarehe 28 Juni mshipa ukapasuka kichwani, akatutoka hospitalini kabla ya adhuhuri.

Tunamshukuru daktari huyo, wauguzi, wakunga wenzake, na jirani yetu mama Régina, aliyeuosha mwili wake kwa mikono mitupu wakati sisi ndugu tukitafuta glavu, naye hakujua lolote kuhusu jibu, kwani simu ya Kinshasa ilimfikia daktari jana asubuhi tu, mwili ukiwa umeshaoshwa.

Dada, jibu limefika. Si kansa, haiambukizi, ni mishipa ya damu tu. Ungeweza kumbeba. Pumzika kwa amani.