Sahani Iliyosubiri Hotuba Iishe

Mheshimiwa Diwani, Bibi Mpishi Mkuu wa hospitali yetu, majirani, na shemeji zangu mliowahi viti vya karibu na sufuria: nawasalimu nyote kwenye ufunguzi wa karakana ya mke wangu.

Najua mnajiuliza nani kanipa mimi kipaza sauti. Kwenye harusi ya binti yetu, mke wangu alinivuta koti nikae hata sijamtaja bwana harusi. Leo kanitazama usoni akasema, "Baba Watoto, sema. Sema mpaka uchoke." Nilidhani anaumwa.

Sababu ni ile sahani iliyo mbele ya Mpishi Mkuu, juu ya kitambaa cheupe, imejaa mchuzi wa moto. Juzi ilikuwa maganda ya mahindi na migomba iliyotupwa. Mke wangu aliyachemsha, akayasaga, akayabana kwenye kalibu yenye umbo la sahani, akayaanika. Aliyachemshia kwenye sufuria yangu ya maji ya kuoga. Sisemi kitu.

Mpishi Mkuu, ulimwambiaje ulipokuja kuonja kazi yake? "Mama, wagonjwa wangu wanakula polepole. Siku ya ufunguzi, sahani ikivumilia mchuzi mpaka hotuba iishe, nanunua. Isipovumilia, tusisumbuane." Maana sahani ya siku ile ilivumilia mpaka "Karibu". Suruali yangu ni shahidi.

Ulipoondoka alilia, jamani. Halafu akajifuta, akaongeza wanga, akaanza upya. Kina mama wale waliosimama mlangoni wameacha vibarua vyao kumfuata, na sahani hii ikivuja, kesho nawaambia nini? Ndiyo maana nazungumza taratibu.

Mheshimiwa Diwani, naona unatazama saa. Tazama tu. Bado sijagusa historia ya mgomba.

Shemeji, acha kuinama chini ya meza, utamtia mgeni wasiwasi. Mpishi Mkuu, naomba uinue sahani mwenyewe. Haya. Kitambaa kikoje? Kapitisha kiganja. Walio nyuma, nawaambia: kikavu. Narudia, maana nimeisubiri sana nafasi ya kulisema neno hili: kikavu!

Unasemaje, mama? Anasema, "Nimenunua, mzee. Kaa chini."

Mke wangu, najivunia wewe kuliko ninavyoweza kueleza, na wote hapa wanajua ninavyoweza kueleza. Nilikuwa nimebakiza mengi, hasa kuhusu mgomba, ila koti langu limeanza kuvutwa.

Asanteni nyote mlionivumilia, pamoja na sahani.