Karatasi Saba Mfukoni

Basi lilipotoka kituo cha kura, ambako kila chama kina karatasi yake na mpiga kura hutumbukiza moja tu, Gunvor alimgeukia Torsten, mwenzake wa miaka thelathini katika kiwanda cha karatasi kilichokwisha kufungwa.

"Ndugu, nimekuona ukichukua karatasi za vyama vyote vinane. Zamani ulichukua moja tu, ya chama chetu, mchana kweupe."

"Zamani kiwanda kilikuwepo, dada. Kilipofungwa chama chetu kilituletea nini? Keki ya kuagana!"

"Ndiyo ukahamia kwa hao wanaolaumu wageni?"

"Kura ni siri."

Dereva alipunguza redio. Habari zilikuwa humu ndani.

"Moja umetumbukiza, saba unazo mfukoni. Zitoe tuone ipi haipo," Gunvor alisema.

Torsten aliukandamiza mfuko wa koti. Basi liliposimama alishuka, vituo viwili kabla ya kwake.