Bonge la Dirishani kwa Hilkka

Mwezi wa tano, theluji ya huku Ufini kaskazini ikishayeyuka, benchi la mbele ya duka hupata wenyewe. Waziri, ambaye hajawahi kuwa hata mjumbe, hukaa kulia. Redio, mwenye trekta na plau, hukaa kushoto, na chupa ya kahawa huwa katikati. Siku hiyo Hilkka, mfugaji wa ng'ombe, alikaa nao akiwa ameinamisha kichwa. Kiangazi kilichopita alipanda klova ya kusini, jani la ng'ombe linalotoa malisho mara mbili ya ile ya kienyeji, na kijiji kizima kikamwambia haitavuka baridi. Mwezi wa tatu alichimba bonge la udongo wa shambani wenye mizizi akaliweka dirishani jikoni, kama desturi ilivyo, aone kama klova itachipua. Haikuchipua. Kesho Redio angekuja kulima shamba lote, na ng'ombe wangeingia majira mengine ya baridi kwa nyasi za kuombaomba. Ilimuuma, na alisema.

Redio alidai barafu iliziba pumzi ya mizizi. Waziri akasema hapana, mbegu za kusini hazijui giza letu la mchana kutwa; Desemba ilipoingia zilidhani zimezikwa, zikajifia kwa adabu. Redio akapandisha dau: ni zile taa za kijani zinazocheza angani huku usiku wa baridi zilizoiunguza.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Waziri akahukumu. — Ilime.

— Mgeni hupewa jembe ashike, Waziri, si alimwe nalo, Hilkka akasema.

Hapo akatoka dukani Pirjo, shemeji yake Redio, aliyeolewa huku akitokea kusini.

— Mama Hilkka, bonge ulichimba wapi?

— Langoni. Baba naye alichimba langoni.

— Si ndipo lori la maziwa linapita? Theluji ndiyo huikinga mizizi na baridi, na ya pale mnaizoa kila siku. Mbona mmempima mgonjwa mliyemvua blanketi?

Waziri akatazama kikombe. Redio akatikisa chupa. Kahawa ilikuwa imekwisha. Hilkka alimkumbuka baba yake akipita langoni kwa sleji, gari la kuteleza lililovutwa na farasi, juu ya theluji ambayo hakuna aliyeigusa.

Wakaenda wote. Katikati ya shamba Hilkka alipiga sepetu, akapasua mzizi kwa ukucha. Ulikuwa mweupe, mgumu, na juu yake kichipukizi cha kijani. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

Waziri akasema yeye alijua tangu mwanzo.

— Vizuri, Hilkka akasema, akimkabidhi sepetu. — Benchini umeshapitisha siku mbili. Chimba na upande ule.