Mzee Bwanali Alisema Julai

Wasikilizaji wapendwa, kule Mnyambe, Newala, wiki hii wamemzika Mzee Bwanali Ashiru. Ndiye yule mkulima wa korosho aliyesoma ngumbaru ukubwani, akaja kujenga kituo kidogo cha umeme wa jua kijijini kwake.

Kituo kilikamilika mwezi Juni. Paneli juu, betri ndani, nyaya hadi madukani. Ilibaki kuwasha tu. Wenye mitambo ya umeme walipewa nafuu ya kodi kwa sharti moja: mitambo iwe inafanya kazi kabla Juni haijaisha. Mzee aliitaka nafuu hiyo anunue nguzo za kufikisha umeme zahanati, ambako kina mama hujifungua kwa tochi ya simu.

Lakini mjukuu wake, Ashraf, alikuwa jandoni. Na katika ukoo wao, mwenye mtoto jandoni haanzi jambo jipya mpaka mtoto atoke. Mzee akasubiri. Jirani yake, Stefano, akamchokoza: "Mtani, umeme unao, na mbuzi wako wanalala gizani."

"Mbuzi hawajalalamika," akajibu Mzee. "Au wamekutuma wewe?"

Ashraf alitoka Julai. Ngoma ikalia, taa zikawaka. Juni ilikwisha kupita.

Binti wa Mzee, Shakila, anasimulia: "Nilimwambia, Baba, tuseme tuliwasha Juni. Nani atapanda huku kuuliza? Akasema, 'Mimi nitakuwa najua.' Nikamwuliza, na zahanati je? Siku hiyo hakugusa chakula."

Mzee Bwanali alisema Julai, na nafuu ikapotea. Alipouza korosho, akaanza kununua nguzo mwenyewe, mojamoja. Mkewe, Mama Shakila, anasema, "Nilimnunia. Shuka zimechakaa, yeye analeta nguzo." Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho.

Kifua kilimzidi, akalazwa hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Huko ndiko alikofariki. Nguzo zake zimefika msikitini. Zahanati bado.

Mama Shakila, Shakila, Ashraf na ukoo wote, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nawe unayetusikiliza, usiharakishe kumwita mjinga, wala usiharakishe kumwita mtakatifu. Yuko mama Mnyambe atakayejifungua kwa tochi kwa sababu mzee mmoja aliheshimu mila, kisha akasema kweli. Na kutoka msikitini hadi zahanati, ni shamba moja tu la mikorosho. Tafakari, halafu ujiulize nguzo inayofuata itatoka kwa nani.