Mzee Tamotsu Onizawa Hakula Natto

Ndugu, majirani na wateja: familia ya Onizawa inatangaza, kwa heshima zote na vichwa vikiwa vimeinama, kwamba marehemu Mzee Tamotsu Onizawa, mtengenezaji natto wa mji wa Mito, hakula natto. Hakuonja hata punje kwa miaka tisa na siku kumi na mbili. Waliosema vinginevyo usiku wa mkesha tunawasamehe, maana hata nyumbani kwake tulisema hivyo hivyo.

Mzee Tamotsu alizaliwa tarehe 14 Februari 1947, mtoto wa tatu kati ya watano, nyuma ya karakana ya baba yake. Humo soya zilizochemshwa zilifungwa kwenye mabua ya mpunga, zikaachwa zichache mpaka ziwe natto, zenye utelezi unaovutika nyuzi na ile harufu ambayo wageni huikimbia nasi huiita asubuhi.

Alimaliza shule ya kati Machi 1962. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba kijana ni mtiifu, na kwamba akae karibu na dirisha.

Mwezi uliofuata aliingia karakanani na hakutoka tena. Kwa nusu karne alisimama nyuma ya meza yake ya kuuzia akiwaambia wateja, "Koroga mara mia, dada, vuta nyuzi. Zikikatika mapema, hukukoroga, umepapasa." Aliiita natto dawa ya mifupa, ya damu na ya wakwe wakali.

Tarehe 3 Mei 1974 alimwoa Bi Fusae Ebisawa. Bibi harusi alimwambia mama yake kwamba harufu ataizoea. Mpaka leo anasema yuko mbioni kuizoea. Walijaliwa mtoto mmoja, Yasunori, ambaye ndiye anayewasomea haya, masikio yakimwaka.

Tarehe 28 Oktoba 2013 Mzee aliwekewa moyoni vali ya bandia, iliyolia tik tik kama saa ya ukutani. Alipewa dawa ya kuzuia damu isigande, ya kumeza maisha yake yote, na amri moja: natto basi. Jambo hilo lilimwaibisha kuliko kidonda cha kifuani. Mteja akimwambia, "Babu, mbona huonji mali yako?" alijibu, "Nimekula bakuli tatu alfajiri, nisije nikapasuka." Akirudi ndani alikula wali na chumvi, kageukia ukuta.

Kwa nini ilikatazwa? Ukoo mzima tuliamini kwamba nyuzi za natto zingenasa kwenye vali. Hakuna aliyemuuliza daktari. Mtu wa Mito kuuliza habari za natto kwa mgeni, si bora afe? Ndivyo tulivyofikiri, na ndivyo ilivyokuwa.

Agosti 2022 Mzee aliteleza, akavunjika kifundo cha mkono. Yasunori akamnunulia vidonge vya kuimarisha mifupa.

"Baba, hivi havina harufu wala nyuzi."

"Vina nini basi?"

"Vitamini K. Mjukuu wako Kotoha alidondoshewa mdomoni alipozaliwa, hukumbuki? Ili asije akavuja damu."

"Kwani mimi kichanga?"

"Kisichomdhuru mtoto wa siku moja kitakudhuru wewe, mtu mzima na meno yako ya bandia?"

Mzee akavimeza kila siku baada ya chai, kwa kumheshimu mwanawe.

Oktoba kipimo cha kliniki kikaonyesha damu inaganda upesi mno. Daktari akauliza kama amekula natto.

"Sijala," Mzee akasema.

"Tamotsu, sema kweli," Bi Fusae akamkatiza. "Miaka arobaini na minane nakupikia, leo unanificha?"

"Sijala, Fusae."

Yasunori akacheka. "Mwacheni mzee, hamu ni hamu." Daktari akaongeza dawa. Mzee akatazama viatu vyake njia nzima mpaka nyumbani.

Tarehe 31 Oktoba kiharusi kikampiga. Hospitalini waliomba kila alichokuwa akimeza, Yasunori akaweka chupa mezani. Mfamasia akaisoma mara mbili.

"Kaka, dawa ya baba yako kazi yake ni kuibana vitamini K, maana ndiyo inayogandisha damu. Natto imejaa hiyo hiyo. Ulikuwa unamlisha natto kwa mlango wa uani."

"Si nyuzi?"

"Nyuzi gani?"

Mzee aliaga dunia tarehe 9 Novemba 2022, saa kumi na mbili asubuhi.

Vitamini K haina kosa. Vichanga wanaihitaji, mifupa inaihitaji. Kosa ni la aliyenunua bila kuuliza, kisha akacheka. Mlio hapa na mnaomeza dawa kama ya Mzee, aibu ya kuuliza ni ndogo kuliko hii. Usiku wa mkesha mlisema amekufa kishujaa, vijiti vya kulia natto mkononi, na Yasunori akawapokea kwa kuinama. Hadithi ile ilimfaa. Leo, mifupa ya baba yake iliyobaki baada ya kuchomwa ikiingia kaburini, anairudisha hadithi hiyo. Bi Fusae aliyasoma haya jana, na ameomba maneno yake ya kliniki yasifutwe.

Marehemu ameacha mjane, Bi Fusae, mwana, Yasunori, mjukuu, Kotoha, na dada wawili. Alale palipo tulivu, na jina lake lilale naye likiwa safi.

Siku tatu kabla ya kifo, Yasunori alipiga magoti kando ya kitanda akaungama yote, mpaka jina la duka alikonunua vidonge. Mzee, mdomo ukiwa umepinda, alimsikiliza hadi mwisho.

"Hata ladha havikuwa nayo," akasema.