Jina Nililoliruka Kwenye Wasifu wa Kaka

Niliambiwa, "Jina la huyo binti liondoe," nami nikasema sawa. Ndugu zangu, nilichosema ni hicho tu. Ningekataa, leo nisingesimama hapa mbele. Ningekuwa nimekaa huko nyuma nasubiri chai kama ninyi.

Mwenyekiti ameniomba niwaeleze wanachama wapya wa kikundi chetu cha kuzikana kwa nini msibani, kabla sijasoma wasifu wa marehemu, ninawageukia watu na kuuliza, "Nani hatujamtaja?" Najua wengine mnasema ni uzee, nasahau. Sisahau. Nitawaeleza, na majina ya watu nitayaacha.

Aliyefariki alikuwa kaka yangu, tumbo moja, dereva wa malori ya chai. Kabla ya kufunga ndoa kanisani alizaa binti na mwanamke wa Ikuti. Hakumficha. Likizo za shule mtoto alikuja huku, na kwa kuwa nyumbani kwa kaka kulikuwa na maneno, akawa analala kwangu. Mimi na mke wangu hatukujaliwa mtoto. Yule binti alipalilia nasi migomba, alijua kikombe changu ni kipi, na ole wake mgeni aliyekigusa. Aliniita baba mdogo. Akitaka kitu, aliniita baba tu, hilo "mdogo" analimeza. Mnacheka kwa sababu na ninyi mnao wa namna hiyo.

Kaka alipolazwa hospitali ya Igogwe, watoto wake wanne wa ndani ya ndoa walikuwa mbali, Mbeya na Dar es Salaam, wakawa wanapiga simu. Aliyeshinda pale kitandani, akamnywesha uji na kumfulia mashuka, ni huyu wa Ikuti. Kaka alifia mikononi mwake.

Tukakaa kikao cha ukoo. Mimi nina kidato cha nne na sauti inayofika mbali, kwa hiyo wasifu wa karibu kila marehemu wa kijijini kwetu nilikuwa nausoma mimi. Nikaandika, nikawasomea wazee. Nilipofika "ameacha mjane na watoto watano," shangazi yetu akaweka kikombe chini.

"Watano? Huyo wa tano mchungaji akiuliza katokea wapi, utamjibu wewe?"

"Shangazi, kila mtu anamjua."

"Kumjua ni kumjua. Kumtangaza ni kitu kingine. Mjane yuko ndani analia, wewe unataka umwongezee?"

Mzee mwingine akacheka. "Mwalimu, usitusumbue. Wasifu ukishasomwa, watu wanawaza ugali na nyama. Nani atakumbuka ulisema wangapi?"

Mimi si mwalimu, lakini nilipenda waliponiita hivyo. Nadhani hata hilo lilisaidia. Nikasema sawa, nikalikata jina lake kwa mstari.

Siku ya maziko ilinyesha kama inavyonyesha kwetu, mvua ambayo hata mwavuli hauijui inatoka upande gani. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nikasoma: ameacha mjane na watoto wanne. Sauti haikutetemeka. Mwongoza ratiba akaita watoto wa marehemu waje kuweka udongo na maua. Wakatoka wanne, na yeye akatoka nyuma yao, ameshika shada alilofunga mwenyewe kwa maua ya uani kwao.

Mwongoza ratiba alikuwa kijana wa mjini, hakujua lolote. Akasema kwa adabu kabisa, kwenye kipaza sauti, "Dada, subiri kidogo. Tumeita watoto kwanza, ndugu na jamaa mtafuata."

Hakumtazama yule kijana. Alinitazama mimi. Ndugu zangu, bado kulikuwa na nafasi. Ningefungua mdomo tu, "Huyo ni mtoto," yangekwisha. Nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni. Akaliweka shada lake chini ya mgomba na kuondoka kupitia shambani.

Yule mzee alikosea. Watu walikumbuka. Msiba uliofuata, nilipotaka kupokea wasifu, mama mmoja akasema kwa sauti, "Msimpe huyo, atatupunguza." Watu wakacheka, msibani. Nikarudi kukaa. Baada ya hapo nikaanza kukwepa misiba. Nikisikia kilio upande wa Suma, nasema mgongo unauma. Wakilia jirani, nashika njia ya Tukuyu kama nina shughuli. Nanyi mnajua, hapa kwetu ukikosa kanisani watu watakuombea. Ukikosa msibani, wanakuhesabu kuwa umehama.

Kisha mke wangu akafariki.

Asubuhi ya kuchimba kaburi walikuja wazee wawili na mlevi mmoja. Nikangoja. Jua likapanda, barabara tupu. Nikachukua jembe, nikaingia mwenyewe kuchimba kaburi la mke wangu. Sijawahi kuona mfiwa anafanya hivyo, na siombei mtu. Nilikuwa nimefika magotini niliposikia nyimbo za akina mama. Walikuwa wanatoka Ikuti, vichwani ndizi na kuni, na nyuma yao wanaume wana majembe. Yeye alikuwa mbele.

Akasimama ukingoni. "Baba mdogo, weka jembe chini. Mfiwa hachimbi."

Nikaweka. Wanaume wa Ikuti wakaingia kaburini, na majirani zangu walipoona wageni wanachimba, wakaona aibu, wakatoka majumbani mmoja mmoja. Mke wangu akazikwa vizuri. Binti alilala chini na akina mama mpaka matanga yakaisha.

Siku ya kuondoka nilimwomba msamaha. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini nilikuja kwa ajili ya mama mdogo. Siku ile alinifuata barabarani, akakaa nami kwenye mvua mpaka nikapata pikipiki. Wewe ulikunja karatasi. Kwako sitarudi tena."

Nilianzia hapo kurudi kwa watu. Nilikwenda kwenye kila msiba, sikuomba kusoma, nilibeba maji na kupasua kuni. Tulipokuwa tunajengea kaburi la kaka, niliwaomba wazee wa ukoo nisome upya. Shangazi alikataa, safari hii na mimi nikakataa kukataliwa. Nikasoma watoto watano, na jina lake nikalisoma mara mbili. Nilikuwa nimemtumia ujumbe aje. Alijibu, "Baba alizikwa siku moja tu, na siku hiyo sikuwa mtoto wake."

Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki mlionipokea. Nakushukuru mwenyekiti, uliyenipa tena wasifu wa kusoma wakati wengine wananong'ona. Nawashukuru watu wa Ikuti, ambao hawakunidai kitu. Ndaga fijo, asanteni sana. Na ninyi mtakaoshika kipaza sauti baada yangu, nawaambia: kabla ya kusoma, ulizeni ni nani hajatajwa, kisha mnyamaze mpaka mtu ajibu. Wenye msiba wakikasirika, waacheni wakasirike. Hasira yao itapoa kabla ya matanga.

Binti yule yupo Ikuti, ana watoto watatu. Siku za soko wanapita mbele ya nyumba yangu, wananiamkia, "Shikamoo babu," kama wanavyomwamkia mzee yeyote, kisha wanaendelea na safari. Hawajaambiwa mimi ni nani wao. Nilipata mtoto mmoja duniani, nikampoteza kwa kusema sawa.