Dafroza Vedastus, Aliyekuwa Mlangoni

Baba Paroko, ndugu na majirani, poleni kwa msiba, familia inaomba mtusikilize.

Dafroza alizaliwa Kilema tarehe 14 Machi 1966, akamaliza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1980, akajifunza ushonaji na kuweka cherehani yake Kiboriloni, ambako aliwashonea wengi wenu sare za watoto. Tarehe 6 Januari 1990 alifunga ndoa na Faustin, wakajaliwa binti mmoja, Doris, mwaka 1995.

Faustin alipofariki mwaka 2003, Dafroza alishikwa mkono na Veronika, rafiki yake tangu darasa la kwanza, aliyekuwa na kikundi cha maombi, naye akamweleza kwamba kifo kile kiliingia nyumbani kupitia kwa mtoto. Dafroza aliamini kidogo kidogo, akaacha nyama, akaacha jumuiya, akaondoa vioo ukutani, na Agosti 2004 akamfungia Doris kwenye stoo ya kahawa kwa siku tisa, kwa uji na maji, yeye mwenyewe akisali mlangoni, hadi kaka yake Wenseslaus, anayewasomea leo, alipouvunja mlango. Mbele ya ukoo Veronika alikana kila neno, na Dafroza akabaki na aibu ile peke yake.

Doris alilelewa kwa mjomba wake huyo. Mwaka 2016 Dafroza alimfuata, akamweleza yote kwa siri, hata maneno aliyokuwa akisali, akaomba radhi, wakapatana.

Tarehe 20 Julai 2023 Doris alimwalika mama yake kwenye ukumbi mmoja Moshi mjini, kuona filamu ya kwanza aliyoitengeneza yeye Doris, filamu ya kutisha isiyo na jini wala damu, ni mwanamke tu anayesali nje ya mlango, na sala ni ile ile. Watu wa Kilema waliokuwamo waligeuka, mmoja baada ya mwingine, kumtazama Dafroza, naye akakaa hadi mwisho.

Nje alisema, "Nilikuambia wewe, Doris. Sikuwaambia wao."

Doris akajibu, "Mama, wewe ulikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa ndani."

Hawakusemeshana tena hadi Februari 2025, Dafroza alipogundulika kuwa na saratani ya kongosho, na Doris akarudi, akampikia mtori wa ndizi, akamwogesha, akalala chini kando ya kitanda. Asubuhi ya tarehe 3 Juni, binti alipoinuka kutoka nje, Dafroza alimshika kanga akasema, "Sijakusamehe bado. Lakini kaa." Doris akakaa, na saa nne mama yake akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kukata ndizi, na mafundi wenzake wa Kiboriloni mliomshonea gauni alilovaa.

Dafroza, umechoka, sasa pumzika kwa amani.